Maji ya Udhu kwenye Sukuma Wiki

Jumatatu, 12 Januari

Pampu ya mtaa imeanza kutoa matope. Foleni mpaka barabarani. Nimerudi na jerikani mbili na shingo inauma. Vumbi la mji wetu wa Koboko limeingia hadi kwenye cherehani, sare za shule zinanisubiri, sina hamu nazo.

Lakini nyumba inabadilika. Tangu ile semina ya akina mama kuhusu mazingira sijakaa. Mkaa nimeupunguza kwa jiko banifu la udongo nililofinyanga mwenyewe. Maharage nikishayachemsha vizuri nayaingiza na sufuria yake kwenye kikapu chenye matambara, yanajiivia bila moto. Maganda yanakwenda shimo la mboji. Kavera zote, ile mifuko ya plastiki, nimetoa, hata zile Mama mkwe alizokuwa anazikunja na kuzitunza chini ya godoro. Alizitafuta asubuhi yote. Nikamwambia plastiki ni adui. Akasema mtoto wake ameoa afisa wa misitu. Nilicheka.

Kesho nachimba mfereji wa maji ya udhu.

Jumatano, 14 Januari

Mfereji umekwisha. Unaanza kwenye sakafu tunapotawadhia, unapita kwenye changarawe na mchanga, unaishia kwenye tuta la sukuma wiki. Maji ya msikiti yamekatika, kwa hiyo wanaume wa mtaa wanakuja na birika zao kutawadha kwetu mara tano kwa siku, na maji yote yalikuwa yanapotea njiani. Sabuni hakuna humo. Maji safi kabisa.

Jioni nimesimama nikiyatazama yakinywewa na udongo. Nilifurahi kama mjinga. Mama mkwe alikaa barazani na tasbihi yake, hakusema kitu. Nilidhani kapenda.

Jumapili, 25 Januari

Mboga zimefufuka. Mtaa mzima majani yamekuwa ya njano, yetu yanang'aa. Nimepika na odii, karanga za kusaga. Mama kaongeza mara mbili, na yeye si mtu wa kuongeza.

Halafu jirani yetu Mama Nuru kapita, kaona mfereji, kauliza, nikamweleza kwa maringo yote. Akacheka. Akasema: "Kumbe nyinyi nakula miguu ya bwana yangu."

Mama akaweka sahani chini. Akanawa mkono. Akaingia ndani.

Jumatatu, 26 Januari

Hakula mchana. Usiku hakula. Nilipomfuata chumbani akasema bila kunitazama: "Mutu natawadha, dhambi yake nashuka na ile maji. Wewe nachukua hiyo dhambi, napika, napa mimi. Mimi hapana kula."

Nikamwambia mmea hauli dhambi. Akasema mimi dini nimeikuta juzi.

Imeniuma. Nimesilimu nikiwa mtu mzima, ndiyo, kwetu Mvara, kule Arua, tuliimba kanisani. Lakini miaka yote hii naswali nyuma yake, mkeka mmoja. Sikujua kwamba bado ananihesabu mgeni.

Jumatano, 28 Januari

Nimepika maharage tu. Sukuma wiki haikukaribia sufuria. Hakula. Kwa hiyo si mboga tena, ni mkono wangu. Anakunywa chai ya rangi na kumeza dawa zake za sukari. Nimemkumbusha kwamba daktari alisema dawa hizo ni baada ya chakula. Akasema anajua.

Nina hasira. Ni mkaidi. Na mimi ni mkaidi, kwa hiyo nyumba hii ina mafahali wawili.

Alhamisi, 29 Januari

Nimekwenda kwa imamu. Nimemweleza yote. Akasema maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu si najisi, na mmea ukinyweshwa hayo hauna ubaya, kula ni halali. Nilirudi mbio, karibu nikanyagwe na boda. Nikasimama mlangoni kwa Mama nikamsomea hukumu kama karani wa mahakama.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Hiyo mimi najua, wewe bado kuzaliwa."

Basi kama anajua, shida ni nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya juu. Akavuta shuka akajifunika. Mama Nuru alikuwa uani anasikia kila kitu. Nimemshitaki mama wa mume wangu kwa imamu, mtaa mzima utajua kesho. Aibu.

Ijumaa, 30 Januari

Mume wangu Rajabu amerudi kutoka Oraba. Wiki nzima alikuwa na malori mpakani, macho mekundu. Mama alimpa mkono, akala mkate wa gurusa alioleta yeye kwenye mfuko, akalala.

Akaniambia: "Aisha, funga hiyo mufereji. Mama iko mzee." Nikamwambia maji ni haki ya ardhi, na imamu karuhusu. Akaniambia mama yake anapungua uso. Nikamwambia akae nyumbani basi ampikie. Neno baya. Kalala kanipa mgongo. Mfereji sijafunga. Nikiufunga nimekubali kwamba nilimlisha dhambi.

Jumapili, 1 Februari

Mama ameanguka.

Rajabu alikuwa amesharudi Oraba alfajiri. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia birika limegonga sakafu. Nikamkuta palepale anapotawadhia, kalowa jasho, macho hayanijui, mikono inatetemeka. Mama Nuru alinisaidia kumbeba. Kliniki wakasema sukari imeshuka sana, amemeza dawa tumbo tupu. Wakampa maji ya sukari kwenye mshipa. Muuguzi akaniuliza: wewe ndiye unayekaa naye? Hajala tangu lini?

Nikahesabu siku kwa vidole.  Angekufa kwa ajili ya tuta la sukuma wiki.

Jumatatu, 2 Februari

Wifi yangu Sauda amekuja na gari kutoka Arua, amemchukua. Hakunigombeza. Alifunga tu nguo za Mama kwenye shuka na kunipa mkono wa baridi. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 3 Februari

Nimefukia mfereji. Mchanga, changarawe, udongo, nimekanyaga juu. Maji yanakimbilia njiani tena. Wanaume wanatawadha na hakuna anayeuliza. Nyumba kubwa, mimi peke yangu, na kikapu cha maharage ya mtu mmoja.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda Arua. Mvara sikupita. Mama yangu angeniuliza habari za nyumbani, ningelia barabarani.

Mama mkwe kanenepa kidogo. Sauda anampikia na anakula. Nilikaa mkekani karibu na miguu yake. Nikasema nimefunga mfereji. Nikasema nisamehe. Akaweka tasbihi pembeni. Halafu:

"Mimi najenga hii nyumba na bwana yangu. Wewe nakuja, wewe natupa kavera yangu. Wewe nabadilisha jiko. Wewe nachimba. Hata siku moja wewe hapana uliza. Kama wewe uliuliza, mimi nasema chimba."

Ndivyo ilivyokuwa. Wala si dhambi za watu. Mfereji, imamu, hadithi ndefu, kumbe neno moja tu la kuomba ruhusa, na mimi nilikuwa nalo mdomoni siku zote nikaligeuza kuwa hotuba.  Nikamwambia arudi nyumbani. Akasema ataona.

Jumatatu, 9 Februari

Amerudi, na sigiri yake mpya, jiko la bati, na gunia la mkaa. Ameiweka upande wa pili wa baraza. Anajipikia mwenyewe. Salamu ananipa, dua ananiombea, chakula changu hapana.

Jumatano, 11 Februari

Mimi na jiko langu banifu huku, yeye na sigiri yake kule. Mioto miwili, watu wawili, moshi wa nyumba ya harusi. Tunachoma mkaa kuliko kabla ya semina. Mama Nuru kaniuliza kama tumefungua hoteli. Nilitaka kucheka ikashindikana.

Sukuma wiki imeanza kulala.

Jana nilimuomba ale. Leo tena. Namuomba ale chakula changu. Kila siku chakula changu, mpango wangu, jiko langu. Nimejisikia nikiomba na nikachoka na sauti yangu.

Ijumaa, 13 Februari

Sikuwasha jiko. Nilimaliza sare, nikafagia, nikanawa. Nilipotoka Mama alikuwa amechuchumaa kwenye sigiri anakoroga bamia. Nilikwenda nikakaa chini karibu naye, mikono mitupu.

Nikasema: "Mama, nina njaa. Naomba unipe chakula."

Alinitazama. Akaendelea kukoroga. Akaonja chumvi. Kisha akaepua sufuria, akamimina kwenye sinia moja, akaweka gurusa pembeni, akalisukuma katikati yetu.

"Ile mboga yako nakufa," akasema.

"Naona, Mama."

"Kula kwanza."

Tulikula. Mkaa wake ulikuwa unazima polepole na hakuna aliyeuongeza.