Skrubu za Mifereji ya Zahanati

Kanyenye, Jumatano

Nilimkosea Mzee Salum, muuza vyuma. Skrubu za mifereji ya bati inayokinga maji ya mvua kwenye zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa kule Usoke zilishika kutu, nikamwambia mbele ya wateja kwamba chuma chake cha pua ni cha uongo, maana sumaku inakidaka.

"Kipo cha pua kinachodakwa, mwanangu. Ziloweke maji ya chumvi."

Nililoweka chache zilizobaki kwangu, za pakiti ileile niliyonunua kwake. Leo ni siku ya nne na bado zinang'aa. Basi zile za Usoke si zake. Na aliyezifunga ni Shabani, fundi mwenzangu wa miaka sita.

Nilimuuliza. "Labda zilichanganyika," akasema, akiinamia koleo. Zitachanganyika na nini? Nilimpa za pakiti hiyo moja tu, mkononi.

Mifereji ikianguka, wajawazito pale watateka maji wapi?

Mzee Salum nimemwomba radhi. Aliitikia shikamoo yangu, basi.

Kesho tunapanda treni kwenda kuzibadilisha zote. Shabani alitaka aende peke yake. Nimekataa, na pakiti mpya nimeiweka chini ya mto wangu.