Kadi ya Safari ya Protase

Kahororo, Bukoba
4 Novemba

Mdogo wangu Protase,

Ujumbe wako nimeusoma kazini, kati ya wateja wawili wa tiketi za ndege. Huku mvua inanyesha, na Georgina wangu sasa yuko kidato cha tano.

Unaniuliza uchukue ipi kati ya kadi mbili za benki za huko Toronto zinazotoa pointi za safari. Kadi huchaguliwa kwa jinsi mtu anavyosafiri. Ya kwanza inakupa pointi nyingi tangu mwanzo, lakini tiketi yake lazima uikate wiki tatu kabla. Ya pili ina pointi chache, ila unakata leo na kesho unapanda ndege. Wewe kwa miaka kumi na mmoja umekuja nyumbani mara mbili: alipofariki Mama, na alipofariki kaka Kahigi. Kwa mwenendo huo, chukua ya pili.

Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Jumapili nikaenda Kamachumu kumwona Baba. Alinishika mkono tukatembea polepole hadi kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, penye kaburi la Mama. Akanionyesha migomba mitatu iliyo pembeni yake, akasema itang'olewa.

Nikamwuliza lini.

"Siku Protase atakapokuja."

"Atakuja Krismasi, Tata."

"Hapana, mwanangu. Yule huja kuzika."

Alisema bila hasira, Protase. Akaanza kung'oa magugu.

Chukua ile ya kwanza.

Dada yako,
Annastella