Moyo Usio na Ugonjwa

Jumatano, 8 Juni 1955

Leo nimerudi barabarani. Ramadhani yote sikuendesha baiskeli, na siku za Idi zilikuwa kula na kutembelea watu, basi miguu imekuwa kama ya kuazima. Tumetoka Temeke alfajiri, mie na Gaudens, tukapanda Pugu hadi Chanika. Gaudens ni karani wa reli, Mhaya, na ndiye pekee ninayeweza kuendesha naye bila mmoja kumngoja mwenzake. Mlima ulinichoma mapaja lakini pumzi ilikuwa nzuri. Chanika tukakaa kwenye gogo kunywa uji. Ndipo ikatokea.

Moyo uliruka. Sijui niandike vipi. Kama mnyororo unaporuka jino – mguu unakanyaga hewa, halafu unashika tena kwa kishindo. Mara moja. Kisha tena. Nikaweka kikombe chini. Gaudens akauliza nina nini, nikamwambia uji wa moto.

Kurudi, hakuna lolote. Mashindano ya Bagamoyo ni katikati ya Julai, kwenda na kurudi siku moja. Harusi yangu na Wahiba ni mfungo tatu, baada ya Idi Kubwa. Sina nafasi ya kuugua mwaka huu.

Jumapili, 12 Juni

Jana, dukani kwa Baba, moyo umerudia. Nilikuwa nampimia mtu sukari. Ukaruka, ukatua, ukaruka. Mkono ukasahau mizani, nikamzidishia yule mama na akaondoka upesi kabla sijagundua.

Leo asubuhi nimeendesha peke yangu hadi Pugu, kwa nguvu, makusudi, nione utafanya nini. Kimya. Ulipiga kama saa ya ukutani. Nimerudi nyumbani, nimeoga, nimekaa, umeanza.

Mtu gani anaugua akipumzika na kupona akichoka?

Jumanne, 14 Juni

Hamdiya amejua. Baada ya chakula nilijilaza mkekani, mkono kifuani, naye akapita na sinia. Akaniuliza pananiuma? Nikasema hapaumi. Akaweka kiganja chake mwenyewe, na moyo, kama unaomchukia, ukaruka palepale chini ya mkono wake. Akauondoa kama aliyegusa jiko. Dada yangu si mtu wa machozi. Tangu Mama afariki ndiye anayeshika nyumba na sijamwona akilia hata siku ya mazishi. Leo kalia.

Nikamwomba asimwambie Baba. Kabla ya alasiri Baba alikuwa anajua.

Akafunga duka mchana kweupe. Akakaa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, haizungushi. Akasema jina moja tu: Mbarak. Ami Mbarak alikuwa mdogo wake. Alianguka mlangoni mwa msikiti akivua viatu, kijana, hajapata kuugua. Mie nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni watu wengi na kimya.

Alhamisi, 16 Juni

Kwa daktari, mjini, na Baba. Mhindi, mtu mzima, wa taratibu. Alinisikiliza mbele, akanisikiliza mgongoni, akafumba macho. Akauliza kama nimewahi kuzimia, kama kifua kinabana nikipanda mlima. Hapana, hapana. Kisha akaniambia nipande na kushuka ngazi zake mpaka atakaposema basi. Nikapanda na kushuka, Baba anatazama kama anatazama mtu akipigwa. Daktari akasikiliza tena. Akatabasamu.

Akasema hivi, najaribu kuandika kama alivyosema: wakati mwingine moyo hupiga kabla ya zamu yake, halafu hutulia kidogo kungoja zamu inayofuata, na pigo linalokuja baadaye huwa zito. Huko kutulia na huo uzito ndivyo unavyovisikia. Watu wengi wanavyo na hawajui. Wanaofanya mazoezi sana, moyo wao huenda polepole wakipumzika, basi husikia zaidi. Ukiendesha, moyo hauna nafasi ya kucheza.

Baba akauliza, "Na dawa yake?"

"Hakuna dawa, Bwana Hamoud."

"Kwa nini isiwepo?"

"Kwa sababu hakuna ugonjwa. Mwache aendeshe baiskeli yake."

Nilishuka zile ngazi mwepesi. Njiani nikawa nazungumza peke yangu, habari za Bagamoyo, za mchanga wa kule, namna ya kulegeza upepo wa tairi ukifika mchangani. Karibu na nyumbani Baba akasimama. Akasema, "Hata Mbarak waliniambia hana kitu."

Chakula cha usiku, tonge la tatu, ukaruka. Nikawatazama. Walikuwa wananitazama.

Jumamosi, 18 Juni

Jana baada ya sala ya Ijumaa Baba alisimama akaomba watu waniombee dua. Hakuwa amenieleza. "Mwanangu Aidarus ana moyo." Hivyo tu, ana moyo, kama watu wengine hawana. Mikono yote ikainuliwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siwezi kumkasirikia. Jioni akaniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Alilishika bakuli mwenyewe. Nikanywa lote, na nia nikaitia, Mungu ni shahidi. Ukaruka bado ladha ya waridi iko mdomoni.

Baiskeli kaifungia stoo. Ufunguo anao.

Jumatano, 22 Juni

Naitwa pole. Kila anayeingia dukani, pole. Wanashusha sauti. Mwanaasha, jirani yetu, mja mzito wa miezi mingi, leo kakataa nisimnyanyulie debe la mafuta ya taa. Kalinyanyua mwenyewe akaondoka nalo, anapepesuka, na mie nimesimama nyuma ya meza mikono mitupu, mtu anayeweza kwenda Chanika na kurudi kabla ya chai.

Kutwa nimekaa. Baba kasema nikae. Na nikikaa ndipo unaporuka. Nimemweleza, daktari alisema, Baba, ulikuwepo ukasikia. Anaitikia, ndiyo, ndiyo, halafu ananisogezea kiti.

Jumatatu, 27 Juni

Mwalimu Kamugisha kaja, katibu wa chama chetu cha baiskeli. Gaudens kaja naye, kasimama nje karibu na mlango, anachezea kofia.

Mwalimu kaanza mbali. Hali ya barabara, mvua zilivyoiharibu. Halafu: amesikia. Nikamwambia daktari kasema sina kitu. Akasema anaamini. Nikamwambia basi niandikishe. Akasema, "Aidarus, siwezi. Ukianguka kule porini, hata kama umeanguka kwa jua tu, nitamwambia nini mzee wako?"

"Daktari yuko tayari kukuambia mwenyewe. Twende hata sasa."

"Daktari hatakuwepo siku hiyo barabarani. Mie nitakuwepo."

Gaudens akasema kutoka mlangoni kwamba anaendesha nami tangu mwaka juzi na hajaona nikichoka kabla yake. Mwalimu akasema hilo ndilo linalomwogopesha.

Tulimpa kahawa. Ni mtu mwema. Wote ni watu wema, sina hata mmoja wa kugombana naye.

Ijumaa, 1 Julai

Shangazi kaja kutoka Kinondoni, mtaa mmoja na kina Wahiba. Kakaa na Baba ndani, mlango umerudishwa. Alipotoka alinibusu kichwani, jambo ambalo hajalifanya tangu nitahiriwe, nikajua.

Baba yake Wahiba anasema tusubiri. Hakuvunja uchumba. Anasema binti bado mdogo, haraka ya nini. Mwezi uliopita hakuwa mdogo.

Jumamosi, 2 Julai

Hamdiya alikwenda harusini mtaa wa pili na Wahiba alikuwepo. Wakakaa pamoja kidogo, wanawake wengine wanaimba. Wahiba kamuuliza maswali mawili. Je, huwa anapauka? Na je, watoto hurithi?

Hamdiya anasema hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiitazama hina ya mikono yake. Hamdiya akamwambia si ugonjwa. Wahiba akasema ndiyo, baba yangu naye kasema hivyohivyo, kwamba si ugonjwa, lakini tusubiri.

Jumanne, 5 Julai

Siku nzima unaruka. Sina la kuandika zaidi.

Jumatatu, 11 Julai

Gaudens kaja na baiskeli yake mabegani. Uma wa mbele, unaoshika gurudumu, umepasuka, na fundi hawezi kuuchomea ukakaa imara. Hakusema alilolijia. Kanywa maji. Kasifu tende. Nikamsaidia – nikamwambia chukua yangu. Akasema hapana, nikasema siti ishushe kidogo, wewe mfupi.

Baba akafungua stoo mbio kuliko nilivyotegemea. Alifurahi, nadhani, kuona inaondoka. Nikampangusia Gaudens vumbi, nikamtilia mafuta mnyororo. Mikono ilijua kazi yake. Muda wote ule nimechuchumaa pale haukuruka hata mara moja, na nilipousikiliza tu, ukaruka.

Jumapili, 17 Julai

Leo ndiyo siku yenyewe. Nimekaa dukani tangu asubuhi. Saa mbili nikasema sasa wako Boko. Saa nne nikasema sasa mchanga unawashika. Hamdiya akaniambia acha. Nikaacha kusema.

Gaudens kafika alasiri, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, kaja moja kwa moja kabla ya kwenda kwake. Wa pili. Kijana mmoja wa Magomeni kamshinda karibu na mwisho. Akasema, "Ungekuwepo tungembana katikati, wewe mbele mie nyuma, asingetoka." Kisha akaona anachokisema, akaanza kujipangusa vumbi.

Akauliza unaendeleaje. Nikasema vizuri. Akatazama kifua changu. Hata yeye. Hakukusudia, macho yalishuka tu, yakarudi juu.

Baiskeli kairudisha imeoshwa.

Alhamisi, 21 Julai

Baba alikwenda kwa daktari peke yake. Sikujua. Kanieleza leo baada ya adhuhuri, mlangoni, amenipa mgongo, anapanga mafurushi ya chumvi yaliyokwisha pangwa. Daktari kamwambia: unamkalisha, na kukaa ndiko kunakomtisha, na hofu inazidisha. Kamwambia: Bwana Hamoud, ndugu yako sikumpima, huyu nimempima.

Akatoa ufunguo wa stoo mfukoni. "Nenda kaendeshe. Mie sijui tena lipi la kuogopa."

Kazeeka mwezi huu. Nikambusu mkono.

Jumamosi, 23 Julai

Naandika nikiwa Boko, kibandani kwa muuza kahawa, kando ya barabara. Daftari nililitia kwenye mkoba kwa sababu nilitaka kuandika Bagamoyo, niketi kule nitazame nilikofika. Sikufika.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Baba alitoka mpaka uani akanitazama nikipanda, akasema Bismillahi. Nilipita Kinondoni bila kugeuza shingo. Barabara tupu. Miguu ikakumbuka. Pumzi ikapata mwendo wake na kwa muda mrefu sikuwa na kifua wala moyo, nilikuwa mtu anayekwenda tu. Nilisahau. Naapa nilisahau kabisa.

Kabla kidogo ya Boko gurudumu likaingia shimoni, mtikiso ukanipanda mpaka kwenye meno, na nikadhani ni moyo. Nikafunga breki. Nikashuka. Nikasimama katikati ya barabara nimeshika kifundo cha mkono kama daktari.

Ulikuwa unapiga vizuri. Pigo baada ya pigo, safi, moyo wa mtu mwenye afya. Nilipaswa kupanda nikaenda zangu. Badala yake nikasimama naungoja ukosee. Uliendelea vizuri na mie nikaendelea kungoja, jua linapanda, na kila pigo jema nililiona ni lile la mwisho kabla ya baya. Nikasema nitakaa kidogo tu. Nikakaa. Hapo ukaruka.

Ni shimo. Najua ni shimo. Daktari anajua, na sasa hata Baba anajua. Nimebaki mie.

Nimekunywa kahawa, kisha nyingine. Muuza kahawa, mzee wa Kizaramo, kaniletea maji. Dawa yenyewe naijua: niinuke, nikanyage, kabla ya kona ile utatulia. Nimeinuka mara kadhaa. Nafika kwenye baiskeli, nashika usukani, mkono mwingine unarudi kwenye kifundo wenyewe. Nakaa tena.

Kumekuja lori la mkaa linalokwenda mjini, limesimama dereva anywe kahawa. Ameitazama baiskeli, akanitazama mie. Kaniuliza kama imeharibika. Nikasema hapana, nzima. Akasema nafasi ipo juu ya magunia, kama nataka nipande nayo. Kamaliza kahawa. Utingo keshawasha injini kwa hendeli. Ananiita sasa, mara ya pili, anataka jibu, na mie bado nimeshika kifundo cha mkono.