Kituo cha Mstari wa Nne

San Blas de la Ceiba,
17 Oktoba 1993

Dada yangu Obdulia,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Rufino na wajukuu, na ule uvimbe wa mguu uwe umekwisha kabisa. Usione kimya changu ukadhani nimekususa. Nimechoka, dada. Nimechoka mpaka kalamu naiona nzito. Hii ni mara ya nne naanza kukuandikia. Zile tatu za kwanza nimewashia moto.

Huku tunasukuma siku. Umeme unakuja unapotaka, na ukija mtaa mzima unakimbilia pampu kugombea maji. Kahawa ya mgao nusu yake njegere, lakini naichemsha hivyo hivyo, maana bila kitu cha moto tumboni siwezi kumwinua Nicasio kitandani. Mihogo ipo. Nguruwe tumebaki naye mmoja, na huyo naye amekonda kama sisi.

Ndiyo, nimemtaja. Najua ulinikataza. Uliandika kwa herufi kubwa, tena ukapiga mstari chini yake, kwamba huyo mtu nisikutajie kamwe, nami miaka ishirini na moja nimekutii. Leo nakuvunjia amri, unisamehe. Kama utaichana barua hii, ichane ukishafika mwisho.

Kaka yetu alianguka mwezi wa sita akimpelekea nguruwe maganda. Upande wote wa kulia umekufa, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Daktari wa zahanati aliniita pembeni akasema damu iliganda kichwani, na ikimrudia mara ya pili haitamwacha. Tangu siku hiyo namwogesha mimi, namlisha mimi, namgeuza mimi, na mgongo wangu nao si wa ujana. Kuongea anaongea, ila maneno machache tu pumzi inamwishia, ananyamaza akitazama dari, halafu ndipo anaendelea. Zoraida wa jirani, na mdomo wake unaujua, alisimama mlangoni akasema eti makubwa haya, mtu aliyekuwa anamaliza ubeti wa mistari kumi kabla hujapepesa jicho, leo kuomba maji tu kunamchukua nusu saa! Nilimwambia aende akaangalie chungu chake kisiungue. Nicasio alicheka kwa ule upande mmoja uliobaki.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Ile Jumapili ya sikukuu ya San Blas hukusimuliwa, ulikuwepo, ulikaa kando ya baba uwanjani pale shuleni. Lakini wacha nikueleze nilivyoiona mimi kutoka jukwaani, na laudi ya mjomba, lile gitaa lake la tumbo la mviringo, mapajani, maana kuna mambo ambayo mtu aliyekaa kwenye kiti hayaoni.

Unajua malumbano yetu yanavyokwenda. Mshairi anatunga papo kwa papo, anaimba mistari minne, anatua. Hapo laudi inaingia peke yake. Watu wanadhani ni urembo wa muziki tu. Kumbe pale ndipo mshairi anapoitafuta ile sita iliyobaki, na mpiga laudi kazi yake ni kumtazama kidevu. Akitikisa kichwa, namshushia nyuzi, namfungulia mlango aingie. Akiwa amekwama, naurefusha muziki, nazunguka nao, namfunika mpaka apate. Na wakati huo wote wasikilizaji wanatafuna ile minne waliyokwisha kupewa, kana kwamba hakuna kingine kinachokuja. Wakikaa nayo muda mrefu, inakuwa ndiyo shairi lote.

Siku ile mshindani wake, Macario Fundora, alimwanza Nicasio vibaya. Aliimba kwamba mtoto wa mkokota gari la ng'ombe atajulia wapi mashairi, na kwamba urithi wake ni mavi ya fahali tu, akayachote kabla hayajakauka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata baba alicheka, kofia yake gotini. Nicasio akasimama. Akamgeukia baba badala ya Macario, akaimba ile minne unayoijua, ile ambayo kijiji kizima kinaikariri mpaka leo: kwamba hakumpa shamba, wala ng'ombe, wala pesa, na jina lake linamtesa mgongoni kama kamba. Akatua. Nami nikaingia na laudi.

Nilimwona baba amevaa lile shati jeupe ulilompigia pasi, kofia imetulia kabisa mkononi, anamtazama mwanawe mbele ya watu mia tatu. Muziki ukaenda, ukaenda. Baba akasimama, akavaa kofia, ukamshika mkono mkatoka kupitia lango la nyuma. Nilipofungua mlango, Nicasio alifumbua mdomo na halikutoka neno. Macario akapokea, malumbano yakaisha, na watu wote wakasema Nicasio Arencibia amekwama, ametukana akashindwa kumalizia. Mimi walinimwagia sifa. Macario mwenyewe alinipiga bega akasema huyu kijana anampenda kaka yake, mmeona alivyomfunika? Walininunulia bia, dada, nami nikainywa.

Yaliyofuata unayajua zaidi yangu. Baba hakukaa tena meza moja naye. Aprili akafa. Pale kwenye jeneza ulimsukuma Nicasio mbele za watu ukamwambia aende akaimbe huko, nawe baada ya arobaini ukahamia Camagüey. Yeye hakuimba tena. Wale wa redio ya Havana waliokuwa wamemwita walikuja mara mbili, mara ya pili akajificha chooni mpaka wakaondoka.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita nilikuwa namnyoa uani, asubuhi, uso umejaa povu. Akaanza kuisema ile minne. Nilimwambia aache, kaka, hayo yamepita, nisije nikamkata. Akafika mwisho wa ule wa nne, pumzi ikaisha, akanyamaza. Nikaendelea na wembe. Halafu akasema mstari wa tano. Akapumzika, akasema wa sita. Kahawa ilipoa, povu likamkaukia shavuni, mpaka akafika wa kumi. Nilikuwa nimesimama na wembe hewani kama mjinga.

Unaukumbuka mwaka wa kimbunga? Wewe ulikuwa na miaka tisa, yeye sita, mimi sijazaliwa. Ni wewe ulinisimulia, utotoni, ukinibembeleza nile malanga: jinsi mto ulivyofurika, baba akamfunga Nicasio mgongoni kwake kwa kamba ya ng'ombe, akavuka naye maji yakimfika kidevuni. Kamba aliyoiimba ilikuwa ile. Ile sita ilikuwa inakwenda huko. Ilikuwa inamwendea baba!

Na hapa ndipo barua zote tatu ziliponishinda. Nicasio hakukwama. Sikuwa nimeanza hata mzunguko wa pili wa muziki alipotikisa kichwa. Nilimwona. Akatikisa tena. Nikainamisha macho kwenye nyuzi nikaendelea kupiga. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya baba, hiyo ni kweli, nilitaka asimame pale na lile tusi lake limkauke mdomoni. Lakini si hasira tu. Redio walikuwa wamemwita yeye peke yake, wapigaji walisema wanao. Nilimwonea wivu, Obdulia. Nikajisemea mzunguko mmoja tu zaidi, na mwingine, na mwingine, mpaka nikakiona kiti cha baba kitupu.

Niliweka wembe chini nikamwambia yote hayo, nalia kama mtoto. Akanijibu kwamba anajua. Alijua tangu siku ile ile, mshairi gani asiyejua kama ametikisa kichwa? Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata kwa baba, hata kwako. Akapumzika mara tatu kabla ya kunimalizia jibu. Alisema mpiga laudi anayemfungia mshairi mlango haitwi tena kupiga popote, na mimi sikuwa na kazi nyingine, na mke wangu alikuwa mjamzito. Halafu akaniambia nimalizie shavu la pili, povu linamwasha.

Basi ndivyo ilivyo. Aliyewatenganisha ni mimi. Siku ile ulipomsukuma kwenye jeneza nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikanyamaza. Hasira uliyombebea miaka yote hii ni mali yangu, nitumie mimi, nitaipokea na sitajibu neno.

Ila njoo, dada. Najua usafiri hakuna, najua foleni ya basi inakwenda kwa siku, njoo hata kwa lori la miwa. Anataka ubeti ule usomwe kaburini kwa baba, mchana, kwa sauti. Mwenyewe hawezi. Alhamisi tulimpeleka kwa kigari cha mkono mpaka pale. Alianza vizuri. Alipomaliza mstari wa nne pumzi ikamwishia, tukangoja, tukangoja, na haikurudi. Safari hii hakuzuiwa na mtu. Tukamrudisha nyumbani. Nilijitolea kusoma mimi, akakataa, akasema baba atakusikiliza wewe, dada.

Nakuandikia hapa wote. Baada ya mstari wa nne nimeacha nafasi ndogo. Ukifika hapo vuta pumzi moja tu, kisha endelea.

*Baba, hukunipa shamba,*
*wala ng'ombe, wala pesa;*
*jina lako lanitesa*
*mgongoni kama kamba.*

*Lakini leo natamba:*
*mto ulipofurika*
*ni kamba niliyoshika;*
*wenye shamba walizama,*
*nikatoka, nikahema.*
*Baba, kwako nimefika.*

Msalimie shemeji Rufino, na watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Zoraida anakusalimu, anauliza kama bado unapika ile jamu ya mapera. Nicasio hajui kwamba nimekuandikia. Sasa hivi yuko uani kivulini, nimemgeuzia kiti kielekee barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Eleuterio