Mashine Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Kijiji cha Kisawasawa,
Ifakara.
14 Julai 1996

Mpendwa shangazi Sikitu,

Shikamoo shangazi. Habari za Mbeya na baridi yake? Mguu unaendeleaje? Tumesikia kwa watu wa treni kwamba sasa unatembea bila fimbo, tukafurahi mno. Sisi huku ni wazima. Watoto wanakwenda shule, mvua zilikuwa nzuri, na mpunga umetoka mpaka tumekosa magunia. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayofukuta, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Kaa vizuri, shangazi, na ikiwezekana uwe umeshakula.

Unajua kwamba tangu marehemu Antoni anitoke naishi kwa kuuza mchele pale wanaposimama mabasi. Unajua pia wanawake wa hapa wanavyohangaika: mtu anajitwika mpunga mpaka Mang'ula kukoboa, au anatwanga mpaka viganja vinatoka malengelenge. Nikawaza, kwa nini mashine ya kukoboa isiwe hapa hapa kijijini? Mwaka jana ukaja mfuko mmoja wa kutoa mitaji kwa wanaotaka kuanzisha biashara. Nikasema Mungu ameniona. Nilikuwa wa kwanza kufika, hata viti vilikuwa havijapangwa.

Shangazi, hebu sikia maswali niliyoulizwa. Mumeo ni nani? Amekufa? Ukiolewa tena, mashine itabaki na nani? Mtoto akiugua, nani atakoboa? Injini ikiharibika utalia kwa nani? Aliyenifuata alikuwa kijana wa Kisukuma, Masanja, anataka kufungua bucha. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha nikasikia yote. Yeye anaulizwa atafungua bucha ngapi, na je, hafikirii kupeleka nyama mpaka Kidatu? Mimi naulizwa nitaanguka wapi, mwenzangu anaulizwa atapanda mpaka wapi! Masanja sina neno naye, ni mtu mwema, lakini jamani!

Mwishowe katibu wao, Bwana Wendelin, akaniambia kwa upole kabisa nirudi na mwanamume wa ukoo ili kamati iwe na amani. Nikamchukua mdogo wangu Ponsiano. Unamjua Ponsiano wako: hata mpunga wake mwenyewe anavuniwa na mkewe. Nikamwambia avae shati safi, aje akae tu. Basi wanamuuliza yeye, ananitazama mimi, najibu mimi, wanaandika, wanamshukuru yeye. Yeye alichofanya ni kukohoa. Tulipoinuka wakamshika mkono: "Bwana Ponsiano, umejieleza vizuri sana." Naye akaitikia!

Mtaji ukatoka kwa jina lake. Nilipopeleka shauri kwa baba mdogo na wazee wengine wa ukoo, wakanijibu, "Kwani Ponsiano ni mtu baki?" Neno hilo linanichoma mpaka leo. Kama katika nyumba hii hakuna mtu baki, mbona jina langu ndilo halikuandikika?

Mashine ikashuka stesheni ya Ifakara mwezi wa tano, watu wakiwa ndiyo kwanza wanavuna. Masanja akatusaidia kuileta na mkokoteni wake wa ng'ombe. Fundi akaifunga mbele ya nyumba ya Ponsiano, ikakaa sawasawa. Basi si iwashwe? Thubutu! Ponsiano na kamati wakasema haitakoboa hata punje mpaka izinduliwe na mgeni rasmi. Na mgeni rasmi yuko Morogoro, ana shughuli nyingi. Ikafunikwa turubai, kuku wa Ponsiano wakawa wanalala juu yake. Wiki nenda wiki rudi wanawake wanapita mbele yake na mizigo kichwani, wanakwenda Mang'ula, na ndugu yangu yuko kibarazani, watu wanamwita mkurugenzi.

Hatimaye ikatangazwa kwamba mgeni atakuja, na siku yenyewe ikawa Jumamosi iliyopita. Sasa ngoja, shangazi. Ponsiano akaja kwangu na magunia ya mpunga. Ati kamati imeamua akina mama tupike pilau ya sherehe na tupige vigelegele, na mimi niwe kiongozi wa jikoni. Nikamuuliza, mpunga huu tutaukoboa wapi? Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Twangeni tu, dada. Mashine si haijazinduliwa?"

Nikayahesabu yale magunia moja moja. Kisha nikamwambia, haya mdogo wangu, chakula kitakuwepo.

Siku yenyewe ilifana. Viti vya kuazima kanisani, utepe mwekundu, ngoma. Mgeni rasmi akamsifu Ponsiano, kijana shupavu aliyewaonea huruma akina mama. Hotuba ikaenda mpaka jua likatusimamia utosini. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na watu wakakaribishwa mezani bila mtu hata kuigusa mashine. Tukaleta masinia yamefunikwa kawa, maji ya kunawa yakapita. Mgeni rasmi akafunua. Mpunga, shangazi! Mpunga mkavu na maganda yake, na juu yake nimepanga nyanya na limau.

Akauliza, hiki ni nini? Nikapiga goti, nikasema, "Mheshimiwa, ni pilau yako. Ilikuwa inakungoja uzindue mashine." Wanawake wakapiga vigelegele, kama tulivyoagizwa. Yule mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta machozi, kisha akaamuru mashine iwashwe, na jioni watu wakala. Bwana Wendelin hakula.

Unadhani yameisha? Wazee wamenitoza jogoo kwa kumwaibisha ndugu yangu mbele ya wageni. Nimelipa, na jogoo wameshamla. Halafu jana Ponsiano kaja tena, hana kinyongo chochote, anacheka. Wateja wamemzidi, mchele unatoka chenga tupu, wanawake wanamgombeza kutwa. Kwa hiyo ameniletea habari njema: ameniajiri. Niwe kibarua, shangazi, kwenye mashine yangu mwenyewe.

Nilicheka, kisha nikalia mbele yake, naye akashangaa. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mwizi ningejua la kufanya, lakini huyu mtoto anaamini kabisa kwamba ananisaidia.

Kesho naenda kuanza hicho kibarua, maana nikikaa nyumbani na hasira zangu mashine itakufa kabla ya masika. Ila sitaki kuzeekea hapo nikipokea mshahara wa Ponsiano. Nataka jina langu. Wazee mimi hawanisikii. Lakini wewe ndiye uliyewabeba mgongoni hao wanaojiita wazee, na ukisema "kaa" wanakaa. Mguu ukiruhusu, panda treni uje. Nitakupokea stesheni ya Ifakara.

Nisalimie sana Happyness na watoto wake, na baba Kasmiri mwambie mchele wake nimeuweka. Wanangu wanakuamkia. Mungu akuponye huo mguu kabisa, akupe safari njema na siti ya dirishani. Ponsiano naye anakuamkia. Amesisitiza nisisahau kukuandikia kwamba amekuwa mkurugenzi.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimevimba kwa hasira,

Balbina