Nilisema Vidole Tano

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Lori imezima Kitisuru. Dizeli imeisha kwa mlima, vigae juu, mbele ya geti ya matajiri.

Asubuhi hapa Kabiria nilipima kama kawaida. Geji ya hii lori ilikufa zamani. Mimi hutumbukiza kijiti kwa tangi, naitoa, nahesabu vidole pale imelowa. Vidole tatu, lori inatoka. Chini ya tatu haitoki. Hiyo ni sheria ya Muigai, mwenye lori. Leo nilipata tano. Waithaka akauliza kwa dirisha, ngapi mzee? Nikasema tano. Akawasha.

Tukapakia vigae tauni, nyuma ya Kirinyaga Road. Mimi ndani ya stoo nabeba, karibu saa nzima. Yeye ni dereva, alibaki na lori na simu yake.

Kitisuru ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Nilimwambia asipige stata. Ikishavuta hewa unaweza kupiga mpaka kesho. Lazima mapaipu ifunguliwe, hewa itoke kwanza. Hiyo kazi nimeiona miaka kumi na nane. Akaniambia, "Mzee, wewe ni tanboi, mbeba mizigo tu. Kaa nyuma." Nina miaka hamsini na sita. Boi.

Akapiga, akapiga. Stata ikatoa moshi.

Soja wa geti akaja na rungu yake. "Hapa hamlali. Madam anarudi saa kumi." Waithaka akamwambia, "Basi mwambie akirudi apitie petroli, atuletee dizeli." Soja alicheka. Mimi sikucheka.

Vidole tano haiishi Kabiria mpaka Kitisuru. Haiwezi.

Jumanne, 9 Septemba

Mwau fundi alikuja na dizeli kwa mtungi. Amefungua nati, amepampu na mkono mpaka povu ikaisha. Stata imeungua. Tumesukuma, watu sita na yule soja. Ikashika lakini inagonga kama mtu anapiga sufuria. Mwau akazima haraka.

Akasema pampu ya dizeli imekwaruzwa. Dizeli ndiyo mafuta yake, ikikauka vyuma inakulana. Na imefyonza uchafu yote ya chini ya tangi, nozo za kupuliza dizeli zimeziba. "Nani aliiacha ikauka hivi?"

Waithaka akanionyesha na kidevu. "Muulize mwenye kijiti."

Hivyo tu. Mbele ya watu.

Tumeshusha vigae na mkono, tumepandisha ndani kwa wheelbarrow. Mgongo umekwisha.

Jumatano, 10 Septemba

Muigai ameniita yadi peke yangu. Hakuniambia niketi. Akauliza Jumatatu lori ilitoka na ngapi. Tano. Una uhakika? Nikamwambia kijiti haidanganyi. Akauliza sasa ilienda wapi.

Nikasema: mimi nilikuwa stoo nabeba. Lori ilibaki na Waithaka saa nzima.

Hiyo tu ndiyo nilisema. Sikusema ameiba. Muigai akagongagonga meza na funguo. Akasema, "Huyo kijana amekuwa akininyonya dizeli." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Ivyne, binti yangu, alipiga simu saa ya lunch, akitoka kusuka mtu huko saluni yao Kilimani. Nikamwambia. Akauliza, "Baba, ulimwona akitoa mafuta?" Sikumwona. "Basi?" Nikamwambia yeye hajui huyo mtu. Akasema, "Baba, hii ni maneno ya mama."

Nilikata simu.

Ni maneno ya mama. Ndiyo. Andika basi, hakuna mtu anasoma.

Mwaka jana mwezi wa nne, Jumapili mchana. Milcah, mama yake Ivyne, alizidiwa, hawezi kupumua. Teksi ya simu ilikataa kuingia, matope. Lori ilikuwa nje ya ploti yetu, ilikuwa imeleta mabati ya landlord. Waithaka alikuwa kwa siti anakula muhogo. Nikamwambia mpeleke mama hospitali. Akasema pima. Nikapima, nikapata mbili. Akasema mbili haitoki, mzee. Tutazimikia njiani na yeye. Nikamwomba. Nikashika mlango ya lori. Akasema hapana, tafuteni gari. Tulipata gari baada ya saa moja na nusu. Aliishia kwa benchi ya hospitali, hata jina lake hawajaandika.

Vidole mbili ingefika. Nimesema hivyo kila siku, mwaka na nusu. Ingefika.

Alhamisi, 11 Septemba

Waithaka amefutwa. Muigai amemwambia Jumamosi aje na mke wake wakae chini, nirudie maneno yangu mbele yao, halafu ataamua kama ni polisi.

Wahu, bibi ya Waithaka, alinipata kwa kiosk nakunywa chai. Ana mtoto mgongoni. Akanisalimia vizuri, "Habari ya asubuhi, Baba Ivyne." Akasema huyo mtu wake ana mdomo mbaya, anajua. Lakini si mwizi. Kama angekuwa anauza dizeli wangekuwa bado wanalala wanne kwa chumba moja? Akanilipia chai, nikakataa. Akalipa tu.

Nimefurahi? Sijui. Nilifikiria nitafurahi.

Ijumaa, 12 Septemba

Lori ilivutwa jana mpaka hapa Kabiria. Imekaa kwa kanisa, mahali yake ya kila siku, pale tambarare. Mwau ameweka stata kuukuu ya Kirinyaga Road na pampu ya kutengenezwa, na mtungi moja ya dizeli. Nikapima bila kuambiwa, mkono imezoea. Tatu na nusu.

Betri ikakataa. Mwau akasema tuisukume mpaka barabara ya chini, ishike na mteremko. Tukaisukuma. Akaweka jiwe kwa tairi afunge nati ingine. Lori imeangalia chini. Mimi niko karibu na tangi, kijiti kwa mkono. Nikatumbukiza.

Sita.

Nikapangusa na shati, nikarudia. Sita. Nikamuuliza Mwau kama ameongeza dizeli. Akanishangaa. "Ya wapi, mzee? Mtungi si ule umelala hapo?"

Mdomo ya tangi iko mbele. Lori ikiangalia chini, dizeli yote inakimbilia mbele.

Jumapili iliyopita kanisa walikuwa na hema ya harusi. Lori haikulala kwa kanisa. Ililala hapo hapo chini, kwa mteremko, imeangalia chini. Jumatatu nikapima hapo hapo. Tano yangu ilikuwa mbili na kitu. Mbili haitoki. Mimi ndio niliitoa.

Waithaka hakunyonya kitu.

Mwau aliwasha, ikashika, ikagonga kidogo, ikatulia. Akapiga makofi peke yake. Akaniambia, "Mzee mbona umekaa kama umefiwa?" Halafu akakumbuka, akasema pole.

Ijumaa bado. Jioni.

Nimechukua karai ya Milcah ya kuoshea vyombo. Nimeweka maji. Nimesimamisha kijiti upande wa kwangu. Nikainua upande ule mwingine, maji ikapanda kwa kijiti. Nikainua upande huu wangu. Ikashuka. Karibu ikauke. Na maji ni ile ile.

Barabara ya ploti yetu inapanda kwenda lami. Ile Jumapili lori ilikuwa imeangalia juu. Mabati ilishushwa kwa nyuma. Naikumbuka. Nilishika mlango nikiwa nimesimama upande wa chini, nikamwangalia juu.

Imeangalia juu.

Nilipata mbili. Ilikuwa nne. Labda zaidi ya nne.

Nne inatoka.

Yeye aliuliza ngapi. Mimi ndio nilisema mbili.

Nimemwaga maji. Hiyo kijiti nilikata kwa mpini wa ufagio wa Milcah, alinigombeza wiki nzima. Nilitaka kuivunja. Sijavunja.

Jumamosi, 13 Septemba

Yadi. Saa nne. Naandika nikiwa nimekalia tairi, Muigai ameenda kando kupokea simu.

Tumekuja wote. Waithaka amevaa suti ya harusi, mikono fupi. Wahu amekalia mtungi, mtoto anacheza na nati. Mwau yuko chini ya lori anajifanya ana kazi.

Muigai alianza. Akasema mimi Shem nimemfanyia kazi miaka kumi na nane, sijawahi kumdanganya. Akaniambia, "Mzee, sema vile uliniambia. Ilitoka na ngapi?"

Nilisimama. Nikashika kijiti. Kabla niseme, Waithaka akaongea. Hakuniangalia, alimwangalia Muigai.

Akasema: "Mimi hiyo kijiti ya mzee sijawahi kubishana nayo. Akisema tano, ni tano. Sijui dizeli ilienda wapi, lakini mzee hadanganyi. Hata ile siku ya Mama Ivyne. Alisema mbili, nikaamini ni mbili. Ningejua hata ni tatu ningeendesha na miguu tupu. Mpaka leo hiyo siku hainitoki."

Wahu akamwambia nyamaza, hiyo si maneno ya leo. Akasema, "Wacha niseme. Sikuenda matanga kwa sababu ningemwangalia aje?"

Mwaka na nusu nilidhani hakuja kwa dharau.

Hapo simu ya Muigai ikalia. Akasema dakika moja.

Lori iko hapa, imeangalia juu, yadi hii inapanda. Naweza kumwonyesha. Nipime hapa, tuigeuze, nipime tena. Haichukui dakika kumi. Waithaka atarudishiwa funguo leo. Mimi nitaenda, Muigai hawezi kuweka mtu amemuulia pampu. Hiyo ni sawa.

Lakini nikimwonyesha lori ikiangalia juu, Waithaka naye ataona. Atahesabu na mbili ya ile Jumapili. Si mjinga.

Ama niseme tu sikupima vizuri, nimezeeka, macho. Hiyo pia itamtoa. Hatajua ile ingine. Nitabaki nayo mimi.

Mtoto wa Wahu amechukua kijiti hapa kwa goti yangu. Anaipeleka kwa babake. Waithaka ameishika, anaiangalia. Anaangalia tangi. Anaangalia vile lori imesimama.

Muigai anarudi. Anauliza sasa, mzee, ngapi.