Injini Iliyokataa Kuzimika Ijumaa

Mpendwa Tata,

Siwezi kukaa. Tangu tutoke kanisani nimeizunguka trekta yako mpaka kuku wamenichoka. Jua la Sabato leo limekataa kushuka, na mpaka lishuke siwezi kuiwasha. Basi nakuandikia wewe, baba yangu, uliyelala kaburini hapo nyuma ya migomba.

Nianze na baya. Injini yako ya petroli tumeitoa. Usinikasirikie kabla hujasikia. Wewe mwenyewe ulijua inavyokunywa mafuta. Ulikuwa ukipeleka ndizi sokoni Mosocho na kurudi ukinuna. Ulipotuacha, trekta ilikaa uani hadi kaka akataka kuiuza vyuma kuukuu. Nikasema hapana, afadhali tuitie injini ya dizeli ifanye kazi. Mama akasema, "Mkitoa injini ya mume wangu, hiyo kitu isipite tena mbele ya mlango wangu."

Nikaitoa hata hivyo. Fundi alileta injini ya pikapu iliyopata ajali. Mashimo yake ya boliti na yale ya sanduku la gia yakakataana, akachonga bamba nene la chuma likae katikati. Wiki nzima Mama alipita kwenda kuchuma chai akiwa ameangalia upande mwingine.

Jana alasiri ikawaka. Sauti nzito, ya kukohoa, si ile yako. Fundi, Msabato kama sisi, akaliona jua limeinama, akarukia pikipiki kukimbilia kwao. Nikazungusha ufunguo niizime, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Ikaendelea. Nikachomoa ufunguo kabisa, nikabaki nimeushika kama mjinga. Ikaendelea tu. Kumbe dizeli hii haisikii ufunguo, huzimwa kwa waya wa kukata mafuta, na huo waya fundi, kwa haraka zake za Sabato, hakuwa ameufunga. Kwa jirani wameshaanza wimbo wa kufungua Sabato, na sisi tunanguruma. Niliona aibu, Tata, na hasira pia.

Ndipo nikakukumbuka pale mteremkoni, mimi msichana wa shule, miguu haifiki vizuri kwenye klachi, wewe unatembea kando umeshika matigadi ya gurudumu. "Ikikushinda," ulisema, "ipe mzigo isiouweza." Nikapanda. Nikatia gia kubwa kabisa, nikakanyaga breki kwa uzito wangu wote, nikaachia klachi. Ikatetemeka, ikajikwaa, ikanyamaza.

Niliposhuka, Mama alikuwa nyuma yangu. Mkononi alikuwa na lile jiwe la kuchonga vinyago kutoka Tabaka, lile wachongaji walilokataa kwa sababu ya ufa, ambalo kila Ijumaa ulilisukuma nyuma ya gurudumu ukisema, "Nayo ipumzike." Akaliweka mahali pake, akarudi ndani.

Usiku sikulala vizuri. Alitaka ipumzike hadi jioni ya leo, au isisogee tena maishani? Ningemuuliza, lakini unamjua. Kesho nimeahidi kulima shamba la watu na sijui nitapita njia gani, maana njia ni moja tu, ni hiyo ya mbele ya mlango wake. Ungekuwepo ungemwambia neno moja la mzaha, angecheka, yangeisha. Mimi sina hilo neno. Nimekukumbuka sana leo.

Ngoja kidogo. Namwona kupitia dirishani. Ametoka, bado amevaa viatu vya kanisani. Anaangalia jua, anaangalia trekta. Ameinama. Amelitoa jiwe, analipangusa vumbi kwa leso yake. Sasa ameketi kwenye kikanyagio cha trekta, jiwe mapajani, uso ameuelekeza huku nilipo, kama anayeningojea tuondoke.

Jua lenyewe bado halijazama.

Wewe pumzika, Tata. Acha mimi nitafute ufunguo.

Binti yako wa kwanza, ambaye miguu yake sasa inafika.